Mwenye Paa, Mlipa Bili, Mwenye Pesa: Risala ya Wakaazi wa Mombasa Kuhusu Sola za Mapaani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli. Kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kwa kampuni ya Kenya Power. Na kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa pamoja na Bunge lake.

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaletea risala hii ni wakaazi wa Mombasa wa namna tatu. Wako wenye nyumba, kuanzia mwenye ghorofa la Nyali hadi mjane mwenye nyumba ya vyumba sita Majengo. Wako wapangaji, ambao ndio wengi. Na wako mafundi wa sola, wanaopanda mapaa ya mji huu tangu alfajiri, kabla mabati hayajawa moto wa kuunguza viganja. Tumeamua kuja pamoja kwa sababu kila mmoja wetu akienda peke yake huambiwa kwamba tatizo liko kwa mwenzake. Mpangaji huambiwa amwone mwenye nyumba, mwenye nyumba huambiwa atafute mkopo, na fundi huambiwa wateja bado hawajaelimika. Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka ya umma. Tunaitumia haki hiyo leo.

Jambo letu ni moja, na yote yatakayofuata ni matawi yake. Paneli ya sola hupanda paani pale ambapo mwenye paa, mlipaji wa bili ya stima na mwenye pesa za kununulia mtambo ni mtu mmoja. Mombasa hao kwa kawaida ni watu watatu mbalimbali. Sheria, kanuni na mikopo ya nchi yetu zimeandikwa kana kwamba ni mtu mmoja, tena mwenye hatimiliki mkononi. Ndiyo maana mji wenye jua la mwaka mzima una mapaa matupu, na wala si kwa sababu watu wake hawajui faida ya jua.

Tazameni waliofanikiwa. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka mapaani mwake mtambo wa kilowati 600 mwaka 2014. Mwaka uliofuata jumba la maduka la Garden City likafunika maegesho yake kwa paneli za kilowati 858. Hao wana paa lao, wana bili yao kubwa ya mchana, na benki huwafungulia mlango wakibisha. Hatuwaonei wivu, wamefanya jambo la maana. Lakini mafanikio yao hayathibitishi kwamba njia iko wazi kwa mtu wa Kisauni au Chaani.

Rudini nyuma zaidi mtaona mambo ni yale yale. Sola ya Kenya ilianzia mashambani. Katika miaka ya 1980 mhandisi Harold Burris aliweka taa za jua katika shule ya Karamugi, Meru, akafundisha mafundi wa huko, na wakulima wenye pesa za kahawa na chai wakanunua paneli zao wenyewe bila kungoja ruzuku. Paa lilikuwa la mkulima, taa ni yake, pesa ni zake. Mwaka 2012 ikaja kampuni ya M-KOPA na mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa simu, na ghafla hata asiye na akaunti ya benki akawasha taa ya sola. Kilichoondolewa pale ni kizuizi kimoja tu, cha kulipa pesa nyingi kwa mkupuo, nacho kilitosha kubadilisha vijiji. Sisi wa mjini tuna vizuizi vyetu, na tunaomba viondolewe kwa namna hiyo hiyo: kimoja kimoja, kwa majina yake.

Tunaanza na wapangaji, kwa kuwa ndipo uchungu ulipo mkubwa.

Ingieni nyumba ya Kiswahili pale Majengo au Mwembe Tayari. Kuna ukanda wa katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna bafu, choo na jiko. Kila chumba kina familia. Mita ni moja, tokeni hununuliwa kwa mchango, na ugomvi wa nani ana friji na nani ana feni peke yake hauna mwisho. Mwenye nyumba haishi hapo. Yeye hupokea kodi, stima si mzigo wake. Mwombe aweke sola juu ya mabati yale na atauliza swali la haki kabisa: faida ni ya nani? Ni ya wapangaji, ambao tokeni zao zitapungua. Mwombe mpangaji anunue yeye, naye ana swali lake, la haki vile vile: nikiambiwa nihame mwezi ujao, nitaondoka na paneli zilizopigwa misumari kwenye paa la mtu? Hawa wote wawili ni watu wenye akili timamu wanaolinda shilingi yao. Kuwapa semina ya mazingira ni kuwajibu swali ambalo hawakuuliza.

Kuna dhuluma nyingine ndani ya mita hiyo moja, nasi tunataka mamlaka iisikie vizuri. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani imepangwa kwa ngazi tatu: nafuu kwa anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi, ya kati kwa uniti 31 hadi 100, na ya juu kwa anayepita 100. Nafuu ile iliwekwa kwa ajili ya mnyonge. Lakini wanyonge sita wakiwa nyuma ya mita moja, matumizi yao hujumlishwa, na kwa pamoja wanavuka uniti 100 mapema sana katika mwezi. Familia yenye taa mbili na feni hujikuta ikilipa bei ya mwenye jumba la kifahari. Kwa hiyo nyumba ambayo sola ingeirudishia pesa haraka kuliko nyingi mjini ndiyo nyumba ambayo sola haiwezi kufika. Waheshimiwa, jambo hili halikuletwa na maumbile. Limetokana na namna mita zilivyofungwa na namna kanuni zilivyoandikwa, na kanuni hubadilishwa.

Kifungu cha 162 cha Sheria ya Kawi ya 2019 kinamruhusu mtumiaji wa stima mwenye mtambo wake, usiozidi megawati moja, kuomba mkataba wa kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa. Ni kifungu chema, na tunakishukuru. Ila kinasimama juu ya mtu yule yule mmoja: anayetumia na anayemiliki. Mpangaji anatumia, hamiliki. Mwenye nyumba anamiliki, hatumii. Wote wawili wanabaki nje ya mlango.

Tunadai kanuni zitambue mtambo wa pamoja wa jengo. Mtambo mmoja ukae paani, na umeme wake ugawanywe kwa hesabu katika mita za vyumba vyote vya jengo lile, kila familia ipunguziwe kwa fungu lake. Mwenye nyumba aruhusiwe kisheria kuwauzia wapangaji wake umeme huo kwa bei isiyopita ile ambayo wangelipa kwa tokeni, bila kutakiwa leseni iliyokusudiwa kampuni kubwa. Hapo yeye atapata sababu ya kununua na wao watapata nafuu. Na kabla ya hayo, tunadai mpango wa kutenganisha mita katika nyumba za vyumba kwa ada ambayo familia ya kipato cha kibarua inaweza kuilipa, ili ile bei ya uniti 30 imfikie aliyewekewa.

Kwa wanaoishi ghorofani, shida ina sura nyingine. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inampa mwenye nyumba ya ghorofa hati yake mwenyewe, huku paa likibaki mali ya wote. Paa la wote ni rahisi kuligombania kuliko kulitumia. Wa ghorofa ya juu anahofia uvujaji, wa chini anasema pampu ya maji na taa za ngazini zitoshe, na anayetaka kuuza mwakani hataki kuchanga. Tunaomba mwongozo mfupi na ulio wazi: ni kura ngapi zinatosha kuamua, gharama igawanywe vipi, na mtu akiuza nyumba yake, fungu lake la mtambo linahamia kwa mnunuzi kwa utaratibu gani. Mikutano mingi ya ghorofa tuliyohudhuria ilivunjika kwa kukosa karatasi kama hiyo.

Sasa tunagusa jambo ambalo mgeni wa pwani huenda asilielewe mara moja, nalo ni nyumba bila ardhi. Maelfu ya nyumba za Mombasa zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na kila mwezi au kila mwaka humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mfumo huu una historia ndefu, tangu zama za ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar na ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliyowapa wachache hati na kuwaacha wengi bila chochote. Hatukuja kufungua kesi hiyo hapa, ina mahali pake. Tunachosema ni kwamba mtu huyu akienda kukopa pesa za sola, swali la kwanza mezani ni hatimiliki. Hana. Mmoja wetu alikataliwa ilhali amelipa kodi ya kiwanja kwa miaka mingi bila kukosa hata mwezi, na risiti zote anazo ndani ya kasha.

Lakini paneli si ukuta. Hufunguliwa kwa spana na kuhamishwa. Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Zinazohamishika mwaka 2017, inayoruhusu mali isiyo ardhi kuandikishwa kama dhamana ya mkopo. Basi paneli, inveta na betri ziwe dhamana ya mkopo ulionunulia vitu hivyo hivyo. Tunadai Wizara ya Kawi ikae na benki na vyama vya akiba na mikopo, itoke na mkopo wa sola ambao hauulizi ardhi, unaokubali risiti za kodi ya kiwanja na kumbukumbu za M-Pesa kuwa ushahidi wa uaminifu wa mtu. Dirisha la dhamana la serikali liwepo kwa ajili ya nyumba hizi hasa. Riba nazo zitazamwe. Mwezi Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13, na aliyekopa benki ya kawaida wakati huo alilipa zaidi ya hapo. Mtambo unaodumu miaka 20 na zaidi ukikopewa kwa miaka 2, marejesho ya kila mwezi huipita ile bili ya stima iliyokimbiwa, na mtu hurudi kwenye tokeni zake kwa kukata tamaa.

Tunakuja kwenye nusu.

Kanuni za mwaka 2024 za kuhesabiana umeme na gridi zinasema kwamba kila uniti tunayoipeleka kwenye nyaya inarudi kwetu kama nusu uniti. Fikirini maana yake kwa familia ya Mikindani. Kilowati moja ya paneli hapa kwetu huzalisha uniti 4 hivi kwa siku, nyingi zikiwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Saa hizo baba yuko bandarini, mama yuko Kongowea sokoni, watoto wako shuleni, na nyumbani pana friji peke yake. Umeme unakwenda nje. Jioni familia inarudi, taa, televisheni na feni zinawashwa, na kila uniti mbili walizotoa mchana zinawarudishia moja. Mwenye hoteli au duka kubwa hana hasara hiyo, maana viyoyozi vyake hunguruma mchana kutwa na umeme wake humalizika pale pale paani. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa kwa maneno sawa kwa wote inambeba mwenye matumizi ya mchana na kumpunja mwenye matumizi ya usiku, yaani mtu wa kawaida.

Tunajua nguzo, nyaya na transfoma zina gharama, na anayezitumia achangie. Hatujaomba kubebwa. Lakini uniti inayotoka kwenye paa la Mikindani hairudi kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria. Inamfikia jirani wa nyumba ya tatu, kwa transfoma ile ile ya mtaa, naye jirani anailipa bei kamili pamoja na ada zote na kodi ya VAT. Tunadai hesabu iliyozaa ile nusu iwekwe mbele ya wananchi, mstari kwa mstari. Tunadai kiwango kwa wateja wa nyumbani kipandishwe, na tunaona asilimia 80 kuwa pa kuanzia majadiliano. Tunadai pia maelekezo kamili kwa wateja wa tokeni, ambao ndio sisi, kuhusu namna nusu zao zitakavyoonekana kwenye mita. Na ombi la kuunganishwa liwekewe kikomo cha siku, likipita bila jibu lihesabiwe limekubaliwa.

Mtu anaweza kutujibu kwamba gridi ya Kenya tayari ni safi, ina mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana, basi haraka ya nini? Haraka ni hii. Huku kwetu mitambo ya Kipevu na Rabai huchoma mafuta mazito, na gharama ya mafuta hayo huandikwa kwenye bili zetu kama ada ya mafuta, ikipanda na kushuka tusijue kesho itakuwaje. Tena tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilizama gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa, na halikuwa tukio la mwisho. Mwenye kliniki ya mtaani yenye friji ya chanjo hapimi sola kwa faida ya pesa pekee. Anapima usiku mmoja kama ule.

Na hapo mafundi wana neno lao, wanaomba lisikilizwe kwa makini. Wateja wengi huamini kwamba wakiwa na paneli paani, stima ikipotea wao watabaki na mwanga. Mtambo uliounganishwa na gridi bila betri hujizima wenyewe stima inapokatika, tena kwa sababu njema: usije ukapeleka umeme kwenye waya ambao fundi wa kampuni yuko juu ya nguzo akiushika. Anayetaka mwanga wakati wa giza anahitaji betri na inveta ya aina ya kuchanganya. Wauzaji wengine huyanyamazia maneno haya mpaka pesa imelipwa. Mteja akiingia gizani na paneli zake juu, mtaa mzima unajua kufikia asubuhi.

Sifa ya mtaa ina nguvu kuliko tangazo la redio. Mwaka 2012 watafiti Bryan Bollinger na Kenneth Gillingham walionyesha kwa takwimu za California kwamba nyumba moja ikiweka sola, uwezekano wa majirani kuweka nao huongezeka. Sisi tumeyaona hayo Bamburi, kwa heri na kwa shari. Mtambo mzuri huvuta mitambo mingine. Mtambo mbovu hufunga mtaa kwa miaka.

Ubovu wenyewe tunaujua kwa mikono yetu. Kuna paneli zinazouzwa madukani zikiwa na maandishi ya wati 300 ambazo kwenye kipimo hazifiki hata nusu. Kuna betri za asidi zilizotumika zikapakwa rangi. Kuna hewa ya bahari, ambayo kanuni za bara haziifikirii: chumvi hula boliti za chuma cha kawaida ndani ya misimu michache, fremu zinalegea, na kusi likivuma paneli inaruka na bati lake. Boliti na vibanio vya chuma kisichoshika kutu ni bei juu, na fundi anayeshindana na mlaghai hulazimika kuchagua kati ya kupoteza kazi na kuweka kitu ambacho moyo wake haukikubali. Joto nalo hupunguza nguvu ya paneli, hivyo inafaa ziinuliwe kidogo juu ya bati ili upepo upite chini yake. Wangapi wanafanya hivyo? Mwenye bei ya chini hafanyi.

Tangu kanuni za sola za mwaka 2012, fundi anatakiwa awe na leseni ya ngazi ya T1, T2 au T3 kulingana na ukubwa wa kazi. Tunaiunga mkono leseni. Tunachodai ni ilindwe. Ukaguzi ufanyike madukani na mapaani, hapa Mombasa, na si kwa mwenye leseni peke yake kwa kuwa ndiye anayejulikana anapopatikana. Majina ya mafundi wenye leseni yabandikwe katika ofisi za wadi na za machifu. Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lipime paneli zinazouzwa mjini na litangaze matokeo. Kiwango cha ufungaji wa pwani kiandikwe, kitaje aina ya boliti, na kiwe sharti la kila kazi inayolipwa kwa mkopo au kwa pesa ya umma. Na mitihani ya leseni ifanyike kwa Kiswahili pia. Fundi bora kuliko wote tunaomfahamu alijifunza kwa mjomba wake, na karatasi ya Kiingereza ndiyo iliyomweka T1 mpaka leo.

Bado kuna paa lenyewe. Bei ya paneli duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 2010, na tunashukuru, lakini bei ya mbao na mabati haikushuka nayo. Paneli moja ya siku hizi ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Nyumba zetu nyingi zina mabati yaliyochoka juu ya boriti zilizoliwa na mchwa, na paa la makuti halifai kabisa kubebeshwa paneli, kwa uzito na kwa hatari ya moto. Mkopo unaolipia paneli na kukataa kulipia boriti ni mkopo wa mwenye nyumba mpya. Tunadai ukarabati wa paa uhesabiwe kuwa sehemu ya mtambo.

Mji wa Kale una shida yake, tutaitaja kwa ufupi. Tunapenda milango na roshani zake, na tunataka zilindwe. Lakini wanaoishi humo si maonyesho, wana friji na wana bili. Makavazi ya Kitaifa na Kaunti watoe ramani inayoonyesha mapaa ambayo paneli zinaweza kuwekwa bila kuonekana kutoka njiani, ili mtu apate ruhusa kwa kutazama ramani badala ya kuzunguka na barua.

Kuhusu kodi, tunaomba jambo moja tu: utulivu. Mwaka 2020 Sheria ya Fedha iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola. Mwaka 2021 msamaha ukarudishwa. Katika mwaka ule mmoja wa katikati kulikuwa na watu waliokuwa wamechanga kwenye chama kwa miezi, wakafika dukani wakakuta hesabu yao imepitwa. Aliyewahi kupatwa na hayo hupanga safari nyingine kwa woga, na muuzaji naye huacha kuagiza mzigo mkubwa. Tunadai msamaha uandikwe kwa kipindi kisichopungua miaka 10, utaje betri za lithiamu na inveta waziwazi, wala usiwe wa kupiganiwa kila mwezi wa Juni.

Kwa Serikali ya Kaunti tuna maneno ya nyumbani. Katiba imeipa kaunti kazi ya usambazaji wa stima na udhibiti wa kawi ndani ya mipango yake, na Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Mpango wa Mombasa uletwe mitaani ujadiliwe, pamoja na sisi. Ramani za majengo mapya zisipitishwe bila kuonyesha paa linaloweza kubeba paneli na bomba la kupitishia waya, kwa kuwa kuliacha tundu wakati wa kujenga hakugharimu karibu chochote, na kulichimba baadaye ni vumbi na hasara. Tulikuwa na kanuni za mwaka 2012 za maji moto ya jua, zilizotaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke mtambo, na majengo mengi hayakutii kwa sababu hakuna aliyekuja kuyatazama. Kanuni mpya iletwe na mkaguzi wake.

Na kaunti ianze na mapaa yake yenyewe: zahanati, shule za chekechea, vyuo vya ufundi, masoko. Hapo mwenye paa ni kaunti, mlipa bili ni kaunti, na matumizi ni ya mchana, basi sababu ya kungoja haipo. Kila jengo libandikwe ubao mlangoni unaoonyesha uniti zilizozalishwa mwezi huo na pesa zilizobaki. Vijana wa vyuo vya ufundi wafunge mitambo hiyo wakisimamiwa na fundi wa T3, wapate saa za kazi wanazohitaji kwa leseni zao.

Sisi nasi hatukuja mikono mitupu. Wenye nyumba waliotia sahihi wanaahidi kutopandisha kodi kwa kisingizio cha sola katika miaka 2 ya kwanza ya mtambo wa pamoja. Wapangaji wanaahidi kulipa fungu lao na kutoruhusu waya wa wizi. Mafundi wanaahidi kumweleza kila mteja kwa maandishi, kabla ya kupokea malipo, kitakachotokea stima ikipotea, na kurudi bure kurekebisha kosa la ufungaji ndani ya mwaka mmoja.

Tunaomba majibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, ndani ya siku 60 tangu kupokewa kwa risala hii, kila dai likijibiwa kwa ndiyo, hapana au lini. Kanuni zote za sola na za kuhesabiana umeme zitolewe kwa Kiswahili ndani ya muda huo huo. Tunaomba pia kikao cha wazi hapa Mombasa, siku ya Jumamosi au Jumapili ili vibarua na wachuuzi waweze kufika, na kila ofisi iliyotajwa hapo juu ilete mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa sola wa Mombasa.

Sahihi na alama za vidole zimeambatishwa, wadi kwa wadi.

Nakala: Seneta na Wabunge wa Kaunti ya Mombasa, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Shirika la Ubora wa Bidhaa.